Mashini ya chama imezimika: kwa kampuni ao kwa fundi wa kartie?



Tangu mwezi wa kumi na moja wengi wenu mmetuuliza: ile kompyuta ya chama ilipatwa na nini? Kwa nini haikurudishwa kwa duka tulikoinunua, na iko na garanti? Nani alikubali kijana wa barabarani aifungue? Wengine mliuliza kwa upole, wengine kwa hasira kidogo. Wote mko na haki, sababu ilinunuliwa kwa feza zetu sote. Basi juma hili tunaeleza yote, mazuri na yale tuliyokosea, ili na ninyi mkipatwa na jambo kama hilo nyumbani mjue njia ya kupita.

Ilikuwa jioni ya mvua kubwa, moja ya zile mvua za kwanza ambazo Lubumbashi tunazijua. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu mpaka taa zikang'aa kupita kiasi, kisha ukakatika tena. Mashini ilikuwa imechomekwa ukutani moja kwa moja, bila regilateri, kile kisanduku kinachotuliza umeme. Asubuhi mama sekretere alipobonyeza, kimya. Hata ile taa ndogo ya pembeni haikuwaka.

Sasa sikilizeni kilichokuwa ndani. Kulikuwa na hesabu za sanduku la akiba la wamama 34 tangu mwezi wa tatu: nani aliweka, nani alikopa, nani alirudisha na faida gani. Kulikuwa na orodha ya likelemba. Na kulikuwa na barua za wajane watano tuliowasaidia kuandika juu ya nyumba na viwanja ambavyo jamaa ya mume walitaka kuwanyang'anya. Katika barua hizo kuna majina, kuna namba za viwanja, kuna mambo ya ndani ya jamaa.

Zilibaki majuma matatu kufika siku ya kugawana. Na daftari letu la karatasi? Liliishia mwezi wa nane. Tulikuwa tumeiamini mashini, tukaacha kalamu. Hapo ndipo kosa letu la kwanza.

Wamama waligawanyika

Katika mkutano wa siku ya posho mawazo yalikuwa mawili. Wamoja walisema: "Mashini iko na miezi nane tu, garanti ni mwaka mmoja. Turudishe kwa duka, kampuni itengeneze bure. Kwa nini tulipe kitu ambacho tulikwisha kulipia?" Wengine walisema: "Duka litatuzungusha mpaka Pasaka. Pale karibu na soko kuna kijana anayetengeneza, tumpelekee leo."

Tulituma wamama wawili kwa duka waulize kwanza, bila kuacha mashini. Duka liliwajibu mambo matatu. La kwanza: wao hawatengenezi, mashini inatumwa inchi ingine kwenye karakana ambayo kampuni inaitambua, na kwenda na kurudi ni majuma sita mpaka manane. La pili: karakana haichungi mambo yaliyo ndani ya diski, inaweza kubadilisha diski ao kuifuta bila kuuliza. La tatu: garanti ni kwa makosa ya kiwanda. Ikionekana kwamba iliangushwa, iliingia maji ao iliunguzwa na umeme, mwenye mashini analipa matengenezo na safari.

Mama mmoja akasema polepole: "Basi tusiseme habari ya umeme. Tuseme ilizima yenyewe." Hatutaficha, kulikuwa na vichwa vilivyokubali. Kukawa kimya kidogo. Kisha mama mmoja mzee, asiyejua hata kuiwasha hiyo mashini, akauliza: "Na mtoto wangu akinidanganya juu ya sahani aliyoivunja, nimwambie nini jioni hii?" Maneno yakaishia hapo. Na hata kama hatungekuwa na haya, tungekosa faida, maana fundi akifungua mashini iliyopigwa na umeme anaona: sehemu iliyoungua inabaki na alama na harufu.

Tuliwaeleza watu wa duka ukweli. Wakajibu kwamba katika hali hiyo garanti haitatusaidia. Basi swali likajijibu lenyewe: kuisubiri kampuni majuma manane, tulipe sisi, na labda turudishiwe mashini yenye diski tupu? Hapana. Tukaamua kwenda kwa fundi wa kwetu.

Lakini fundi yupi?

Hapa ndipo tuliona kwamba "fundi wa kartie" si mtu mmoja. Wa kwanza tuliyemwendea aliishika mashini dakika tano, hakuifungua, akasema: "Karte mere imekufa. Dola 180, leteni nusu sasa." Karte mere ndiyo ile sahani kubwa ya ndani inayobeba vyote. Tukashukuru, tukaondoka na mashini yetu.

Wa pili alikuwa na meza yake, na kipimo cha umeme juu ya meza. Aliuliza kwanza: "Ilizima siku gani? Kulikuwa mvua? Shajeri iko wapi?" Alianza na shajeri: imekufa. Akajaribu shajeri yake: bado kimya. Akasema: "Wamama, nikifungua hapa, hii karatasi ya muhuri itapasuka, na garanti ya kampuni inaweza kuisha. Mnakubali?" Ndiye wa kwanza aliyetuambia hilo kabla ya kushika bisibisi. Tulipokubali, alifungua mbele yetu, akatuonyesha kidude kidogo kuliko punje ya mchele, pale umeme unapoingilia, kimekuwa cheusi. "Hiki kimekufa ili vingine viishi," akasema.

Bei yake: dola 35 kwa kazi, dola 15 kwa shajeri. Alitoa diski kwanza, akaiweka katika kisanduku chenye kamba, akaiunganisha kwa kompyuta ya mmoja wetu, si yake. Tulinakili yote kwenye fleshi mbili. Baada ya hapo tu ndipo akaanza kazi. Wamama wawili walikaa naye zamu kwa zamu siku nzima na kufuma kwao mkononi, na yeye hakuona ubaya. Hakuuliza neno la siri la kufungulia, maana kujua kama mashini inawaka hakuhitaji kusoma barua za watu. Saa kumi za jioni ikawaka.

Siku ya kugawana kila mama alipata haki yake mpaka franka ya mwisho, na barua za wajane hakuna jicho geni lililozisoma. Dola 50 zilitoka kwa sanduku, na faktire iko kwa mama wa hesabu, anayetaka aiangalie.

Lakini tuseme na upande wa pili

Hatutaki mfikiri kwamba fundi wa kartie ndiye jibu siku zote. Miezi mitatu baadaye, garanti ikiwa bado na siku chache, bawaba ya kifuniko ilianza kupasuka bila mtu kuiangusha. Hilo lilikuwa kosa la kiwanda kabisa, na kampuni ingelibeba. Tulipofika dukani wakageuza mashini, wakaona muhuri umepasuka, wakatikisa kichwa. Tulilipa dola 25 kwa bawaba. Ndiyo bei ya kufungua mashini ikiwa bado na garanti, na tuliijua mapema. Tungeamua vile vile tena, kwa sababu ya akiba na barua. Lakini bila siku ya kugawana mbele yetu, na kama mashini ingezima yenyewe bila umeme mbaya, tungeipeleka kwa kampuni na kusubiri.

Kwa kuwa mmoja wenu aliuliza kama muhuri ule ni sheria: kila inchi ina njia yake. Marekani, mwaka 2018, ofisi ya serikali inayolinda wanunuzi iliandikia kampuni 6 kuzionya kwamba haziwezi kumwambia mnunuzi garanti inakufa kwa sababu tu alitengenezesha kwingine. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2024 sheria ya haki ya kutengeneza vitu. Ni vizuri kuyajua, lakini sheria hizo hazivuki Kasumbalesa kuja kutusaidia. Hapa kwetu soma karatasi ya garanti uliyopewa, na uliza dukani kabla ya kulipa: nani anatengeneza, wapi, siku ngapi, na nani analipa safari.

Jambo moja sheria yetu inalo tangu zamani: sheria ya mapatano ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, inayotumika mpaka leo, inasema muuzaji anajibu juu ya kasoro iliyofichika ndani ya kitu alichouza, ambayo mnunuzi hakuweza kuiona. Lakini mnunuzi asikawie kulalamika, na awe na faktire. Mama asiye na faktire anabaki na mdomo tu.

Namna ya kuamua

Baada ya mambo hayo tuliketi tukaandika maswali. Jiulize kwa kufuata mstari:

1. Mashini iko na garanti bado? Kama iko, na haikuanguka, haikulowa, haikupigwa na umeme, anza kwa duka. Usimruhusu mtu aifungue, hata shemeji anayejua.

2. Kilichomo ndani kina nakala pahali pengine? Kama hakina, hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya bei. Mashini inanunuliwa, picha za marehemu mama na hesabu za mwaka hazinunuliwi. Kama unaipeleka kwa kampuni, omba kwa maandishi diski itolewe mbele yako ubaki nayo. Wakikataa, ujue unachokiacha.

3. Unaweza kusubiri? Mwanafunzi anayeandika kazi ya mwisho wa masomo hana majuma manane. Mashini ya kuangalia filamu inaweza kungoja.

4. Ni kitu gani kilichoharibika? Tundu la shajeri, feni iliyojaa vumbi, kiibodi, kioo, diski: fundi mzuri wa kartie anaviweza vyote. Kwa betri na shajeri tafuta za kampuni yenyewe kama zinapatikana, maana za kuiga zinapasha moto. Betri iliyovimba usiitoboe wala kuichaji. Iondoe karibu na watoto. Kobalti ya betri nyingi inatoka hapa kwetu Kolwezi, lakini betri mbovu haitatuhurumia kwa sababu sisi ni wenye udongo.

5. Matengenezo yanapita nusu ya bei ya mashini ingine ya okazi iliyo sawa nayo? Hapo fikiri mara mbili. Na ile yako ya okazi iliyotoka Ulaya, usipoteze siku kutafuta garanti: mara nyingi ilikwisha zamani, ao haifuati mashini mpaka huku. Hiyo ni ya fundi wa hapa tangu mwanzo.

Kabla ya kutoka nyumbani

Wamama wengine wamelipa fundi kwa kitu ambacho hakikuharibika. Jaribu haya kwanza. Chomeka taa ao simu kwenye tundu lile lile la ukuta uone kama umeme upo. Jaribu shajeri ingine inayoingia vizuri, lakini namba za volti zilizoandikwa juu yake ziwe zile zile, na ampea zisiwe chache. Chomoa shajeri, na kama betri inatoka bila bisibisi itoe, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa muda wa nusu dakika, rudisha, jaribu tena. Kama unasikia feni inazunguka lakini kioo ni giza, unganisha kwa televizio na kamba yake. Picha ikionekana pale, ugonjwa ni wa kioo, siyo wa mashini yote.

Kama mtoto amemwagia chai, zima palepale, chomoa, ipindue kama hema ili maji yatoke, usiiwashe "kuona kama bado inafanya kazi". Kuiwasha ndiko kunakoiua. Na usiizike ndani ya mchele: mchele hautoi chai iliyokwisha kuingia chini ya vidude. Ule mchele pikia watoto, mashini peleka kwa fundi siku ileile.

Alama za fundi wa kuaminiwa

Ana pahali anapojulikana, jirani zake wanamsema vizuri, na kesho utamkuta. Anapima kabla ya kutaja bei. Anakuambia atafanya nini kabla ya kufungua. Anakubali ukae uone. Anakurudishia kipande cha zamani alichokitoa. Anaandika karatasi: jina lake, kazi aliyofanya, feza alizopokea, na siku ngapi atairudia bila malipo kama ugonjwa ule ule utarudi, wetu alituandikia siku 30. Na kama hahitaji neno lako la siri, haliulizi. Kama kweli analihitaji, kaa naye, na jioni libadilishe.

Kabla ya kumwachia, andika namba ya mashini iliyo chini yake, na upige picha ya namna ilivyo. Hii inalinda hata yeye, ili asishitakiwe kwa mkwaruzo uliokuwapo zamani.

Kwa kampuni vile vile usiende kama kondoo. Omba karatasi yenye tarehe ya kupokea, namba ya mashini, ugonjwa uliosema, na siku waliyokuahidi. Mtu wa dukani anaweza kubadilika, karatasi haibadiliki.

Yale tuliyobadilisha katika chama

Tulinunua regilateri. Mvua ikianza kunguruma, mashini inachomolewa ukutani. Hiyo ni kazi ya mama yeyote aliye karibu, asisubiri sekretere. Kila siku ya posho, baada ya mkutano, hesabu zinanakiliwa kwenye fleshi mbili: moja inakaa kwa mama prezida, ingine kwa mama wa hesabu, nyumba mbali na nyumba. Barua za wajane sasa ziko ndani ya faili yenye neno lake la siri. Na daftari la karatasi limerudi mezani. Kila mama anayeweka akiba anaona kalamu ikiandika mbele ya macho yake, kisha ndipo mashini inaandika. Wamama wasiojua kompyuta walifurahi kuliko wote, na tulijisikia haya kwamba hatukuwauliza zamani.

Kijana yule fundi tumemwomba aje siku moja ya mkutano awafundishe wasichana wetu kufungua mashini, kutoa vumbi na kupima shajeri. Amekubali. Mwenye binti ao mjukuu anayependa vitu hivyo, mwandikishe kwa mama sekretere. Mwenye mashini iliyokufa chini ya kitanda, msiitupe bado, ileteni: itakuwa ya kujifunzia, na labda itafufuka.

Na kama kuna mama ambaye bado haridhiki na vile tulivyoamua, asiseme njiani tu. Aje mkutanoni, aseme, tumsikie. Feza ni za wote, na akili vilevile.

Kaeni salama, wamama. Tukutane juma lijalo.